Jinsi ya Kumiliki Benz Kitale Bila Kuuza Ng'ombe

Msimu wa kununua gari la kifahari Trans Nzoia na Bungoma unajulikana na kila broka. Mahindi yamevunwa, Bodi ya Nafaka imeanza kulipa, mkopo wa sacco umepita, na ndugu wa Nairobi wanarudi kwa Krismasi. Hapo ndipo Mercedes E-Class ya rangi ya fedha inapoegeshwa kando ya barabara, imeoshwa hadi magurudumu yanang'aa, na karatasi kwenye kioo imeandikwa "bei maelewano". Ukiuliza bei hiyo, unakuta haizidi ya Toyota Premio. Basi moyo unaanza kupiga hesabu ambazo kichwa hakijaidhinisha.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama mbele ya gari hilo. Sina nia ya kumzuia. Gari zuri ni raha ya halali, na aliyelima ekari kumi kwa jua na mvua ana haki ya kukalia ngozi akienda kanisani. Lakini ajue anachonunua. Gari la kifahari hushuka bei haraka, ila spea zake hazishuki. Gari lililokuwa la mamilioni likiwa jipya unaweza kulipata leo kwa laki saba, lakini giaboksi yake haina habari kwamba imehamia Kiminini. Bado inataka oili ileile, fundi yuleyule na mashine ileile iliyotakiwa Stuttgart.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, badilisha kipimo. Acha kuhesabu matengenezo kwa shilingi, hesabu kwa magunia. Oktoba 2023 serikali ilitangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000, na hicho ni kipimo ambacho kila mkulima wa huku anakielewa mwilini. Shoki moja mpya ya hewa ya S-Class, ile ya kampuni yenyewe, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kwa dola ya shilingi 129 hayo ni magunia zaidi ya 30. Gari lina shoki nne. Nenda ukaangalie ghala lako, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Basi tuanze na broka. Broka wa magari huvaa viatu vilivyochongoka, hukuita "mkubwa" kabla hajajua jina lako, na kila gari analouza lilikuwa la daktari wa kike aliyelitumia kwenda kanisani tu. Muulize kwa heshima: kanisa hilo liko Lodwar? Maana kiti cha dereva kimelika ukingo, usukani unang'aa kwa jasho la miaka, pedali ya breki imechakaa mpira, halafu dashibodi inasema kilomita 68,000. Huo ni uongo wa wazi, na anayeusema anakula jasho la mtu aliyeamka saa kumi usiku kukamua ng'ombe. Usimwonee haya.

Kilomita huthibitishwa kwa karatasi. Gari lililotoka Japani huja na cheti cha usajili wa kusafirishia nje, na juu yake huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa huko, ambao gari jipya huufanya baada ya miaka 3 kisha kila miaka 2. Lililotoka Uingereza lina historia ya ukaguzi wa kila mwaka ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya serikali ya huko, mradi awe na namba ya usajili wa zamani. Broka akisema karatasi hizo zilipotea bandarini, mjibu kwamba pesa zako nazo zimepotelea hapohapo.

Herufi za namba zisikudanganye. KDK au KDM husema gari lilisajiliwa lini Kenya, hazisemi lilitengenezwa lini. Sheria yetu inaruhusu gari la hadi miaka 8 kuingia nchini, hivyo lenye namba mpya linaweza kuwa lilishazunguka Osaka miaka saba kabla ya kuiona Mombasa. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye logibuku. Soma pia jina la mmiliki kwa makini. Likiwa pamoja na la benki au sacco, gari hilo bado lina deni, na ukilipa bila deni kuondolewa umemlipia mtu mkopo wake.

Sasa injini. Kanuni ni moja: ikague ikiwa baridi. Fika saa moja asubuhi, bila kutoa taarifa, na kabla ya salamu weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiwasha mapema ili usisikie kitu. Kitu chenyewe, katika Mercedes C-Class ya mwaka 2007 hadi 2014, ile inayoitwa W204, huwa ni cheni ya taimingi. Injini yake ya lita 1.8, M271, inajulikana dunia nzima kwa cheni inayorefuka na gia za kemushafti zinazolika meno. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza unaodumu sekunde chache injini inapowaka baridi, kisha unatulia. Broka atasema ni oili inapanda. Oili inapanda, ndiyo, lakini cheni imelegea, na siku itakaporuka jino, vali zitagonga pistoni na utakuwa unanunua injini.

BMW nayo ina cheni yake. Injini ya N20, iliyowekwa kwenye 320i na 520i nyingi kuanzia 2011, ilitengenezwa ikiwa na vishikio vya plastiki vya kuongozea cheni. Plastiki hiyo huvunjika vipande na kuangukia kwenye kibakuli cha oili. Vishikio hivyo viliboreshwa mwanzoni mwa 2015, na huko Marekani wenye magari waliishtaki kampuni. Ukisikia mlio mwembamba kama filimbi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, funga boneti taratibu, mshukuru mwenye gari, uondoke.

Audi A4 ya 2009 hadi 2011 yenye injini ya lita 2.0 ya tabo ina ugonjwa mwingine. Hula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Kibaya zaidi, nyingi za A4 hizo, sawa na BMW nyingi, hazina kijiti cha kupimia oili. Fundi wetu atazunguka injini mara tatu akikitafuta. Kipimo kimo kwenye skrini, na ikiwa kihisi kimekufa, hakuna binadamu anayejua mle ndani kuna nini. Muulize mwenye gari huongeza oili kila baada ya muda gani. Akijibu haongezi kamwe, tazama kama ana galoni kwenye buti.

Lakini kinachoua magari haya huku kwetu kuliko yote ni maji, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili halimo kwenye mwongozo wa Mjerumani.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji kwenye sufuria yako ya ugali huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Injini nyingi za BMW za siku hizi zimepangwa kufanya kazi kwenye nyuzi 100 na zaidi ili zile mafuta kidogo. Kinachozuia maji yasichemke ni vitu viwili: kulanti iliyochanganywa kwa kiasi chake, na mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha tangi. Kifuniko kikichoka, mgandamizo unatoroka. Mtu akiongeza maji ya kisima badala ya kulanti, chumvi za kisima zinaanza kula alumini na kuziba njia nyembamba. Pwani gari kama hilo huenda lingevumilia kidogo. Hapa linapanda kutoka Webuye likiwa na watu watano na magunia mawili ya viazi kwenye buti, na linachemsha kabla ya Kamukuywa.

Ongeza kwamba BMW ilipenda plastiki. Tangi la kulanti, nyumba ya themostati, viungo vya hosi, vyote ni plastiki ambayo joto la miaka kumi huifanya ikauke na kuvunjika ukiigusa. Pampu ya maji ya injini kama N52 na N20 haiendeshwi na mkanda. Ni ya umeme, na ikiamua kufa haiagi. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, zima injini papo hapo. Usiseme "nitafika Kiminini". Silinda hedi ya alumini hupinda kwa dakika chache, na kati ya pampu mpya na silinda hedi iliyopinda kuna tofauti ya shamba. Pampu na themostati yake, za ubora mzuri, ni dola 400 na kitu, magunia 13 hivi. Hedi iliyopinda, gasketi yake na kazi ya siku kadhaa vitakula msimu mzima.

Na sasa neno kwa mafundi wetu, ninaowaheshimu kwa dhati, kwa sababu ndio waliofanya magari ya nchi hii yatembee miaka yote. Acheni kutoa themostati. Najua inasaidia lori la mkaa lisichemshe. Lakini kwenye gari la kompyuta, injini ikikosa themostati hubaki baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inamwaga petroli ya ziada, na mwenye gari anarudi kulalamika kwamba gari linakunywa. Mliondoa dawa mkaacha ugonjwa.

Vivyo hivyo kuhusu mvujo wa oili. Katika BMW kadhaa za silinda sita, gasketi ya nyumba ya chujio la oili hukauka na kuvuja. Gasketi yenyewe ni ya bei ndogo. Kazi ndiyo ndefu. Ukiipuuza, oili hudondokea mkanda wa mbele, mkanda unachanika, na vipande vyake vinaweza kuvutwa hadi ndani ya sili ya kranki. Mercedes kadhaa zina sumaku za kemushafti zinazovujisha oili ndani ya nyaya zenyewe. Oili hutambaa ndani ya waya, polepole, hadi kwenye kompyuta ya injini. Kuna kipande kifupi cha waya cha kinga kinachouzwa kwa bei ya kuku, kazi yake ni kuikomesha oili hiyo njiani. Kiweke siku ya kwanza. Katika orodha hii yote hakuna pesa itakayokulipa kama hiyo.

Giaboksi. Utaambiwa oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi ya gia nane iliyomo kwenye BMW nyingi, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8. Aliyeitengeneza ameshasema, broka wa Kanduyi hana la kuongeza. Kumbuka pia kwamba chujio lake limejengwa ndani ya kibakuli cha plastiki, kwa hiyo hununui oili peke yake, unanunua na kibakuli.

Kwenye Mercedes za gia saba, kompyuta ya giaboksi imekaa ndani ya giaboksi yenyewe, imeogea oili ya moto. Ikifa, gari hukwama kwenye gia moja. Hapa desturi yetu nzuri ya kutafuta spea iliyotumika inagonga ukuta. Toyota ikiharibika, kijana anapanda basi la usiku hadi Kirinyaga Road Nairobi, anarudi na kifaa kwenye gunia, kinafungwa, gari linawaka. Kompyuta ya Mercedes iliyotoka kwenye gari jingine inakataa. Imefungwa kwa namba ya gari lake la kwanza ili wezi wasifaidike, na bila mashine ya kuifundisha upya haizungumzi na mtu. W204 ina ndugu yake kwenye usukani: kufuli ya umeme ambayo siku moja hukataa kufunguka. Unaingiza ufunguo, kimya. Usukani umefungwa, hivyo hata kulisukuma hadi kando huwezi. Likifanya hivyo siku ya soko Chwele, katikati ya ng'ombe na bodaboda, utajua majirani wako wana maoni mangapi.

Kuhusu shoki za hewa, jaribio ni rahisi. Omba gari lilale mahali pamoja usiku kucha, kisha lione asubuhi. Likiwa limeinamia kona moja, mfuko wa hewa unavuja. Mvujo mdogo huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue, na hapo una bili mbili. Matuta ya barabara ya Kitale kwenda Webuye hayana huruma na shoki yoyote. Ziko shoki za hewa zilizofanyiwa ukarabati viwandani, nafuu kuliko mpya, na ziko seti za kubadilisha kuwa springi za chuma. Mtu wa Endebess au Chepchoina anayependa amani achague springi.

Kama E-Class unayooneshwa ni ya 2002 hadi 2006, uliza kuhusu breki. Nyingi zina mfumo wa umeme unaoitwa SBC. Mercedes iliita magari 680,000 yarudi mwaka 2004 kwa sababu yake, na magari milioni 1.3 mwaka 2005, kwa sehemu kwa sababu hiyohiyo, kisha ikauacha. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga, na ikifika mwisho wa hesabu hudai ibadilishwe. Breki si mahali pa kujaribu bahati, hasa usiku kati ya Bungoma na Mumias, ambako trela la miwa linaweza kuwa mbele yako bila taa hata moja.

Skana lazima iwepo, lakini si skana yoyote. Kile kidude cha kuunganisha na simu husoma injini tu. Hakijui lolote kuhusu hewa, breki wala mifuko ya usalama. Tafuta mwenye programu ya Mercedes au BMW yenyewe, hata kama ni kumlipia nauli kutoka Eldoret. Atakuonyesha pia kama kumbukumbu ya makosa ilifutwa jana, kwa sababu majaribio ya ndani ya gari yatakuwa bado hayajakamilika. Na ukiweka ufunguo kabla ya kuwasha, taa zote za onyo lazima ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa imefichwa na mtu.

Spea zina siri moja ya kheri. Mercedes na BMW hazitengenezi kila kitu. Shoki nyingi ni za Bilstein au Sachs, mikono ya magurudumu ni ya Lemförder, chujio ni la Mann au Mahle. Nunua kwa jina la mtengenezaji na utapata kitu kilekile bila kulipia nembo. Lakini nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa sababu boksi la Bilstein linaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye printa.

Nimekuacha na hofu? Basi nikutajie Toyota Mark X. Ina ngozi ikitakiwa, ina silinda sita, inasukuma magurudumu ya nyuma, na spea zake zipo hadi Kimilili. Injini yake ya lita 2.5, 4GR-FSE, ni ileile ya Lexus IS250. Hukusanya masizi kwenye vali za kuingizia hewa kwa kuwa petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, na wakati mwingine pampu ya maji huvuja. Hayo mawili fundi wa Kitale anayamaliza bila kupiga simu Ujerumani. Redio ya Kijapani haitafika stesheni zetu nyingi hadi ifungiwe kifaa kidogo. Tatizo kubwa la Mark X ni mguu wa kijana anayeiendesha, na hilo halina spea. Nimeandika neno hilo nikifikiria mama za vijana hao.

Kuhusu pesa, msimamo wangu ni huu: ukinunua gari la Kijerumani lililotumika kwa laki tisa, uwe na laki tatu nyingine zimekaa benki kwa mwaka wa kwanza. Kama laki tisa ndizo zote ulizo nazo, huna pesa za gari hilo. Na usichukue mkopo wa logibuku kulitengeneza. Riba ya mwezi haingoji mavuno, na gari litachukuliwa likiwa juu ya mawe, bila magurudumu, mahali ulipoliacha.

Aliye na akiba hiyo, na moyo wake umekataa Toyota kabisa, namshauri BMW 320i ya mwaka 2016 na kuendelea yenye injini ya B48. Imeepuka cheni ya N20, na bado ina umri wa kupata spea bila mateso. Anayependa nyota atafute C-Class yenye karatasi zinazoonyesha cheni ilishabadilishwa, risiti mkononi, si neno la mdomo. S-Class ya laki saba aiachie anayeishi karibu na gereji yenye mashine.

Kitale National Polytechnic na chuo cha Sang'alo pale Bungoma zinafundisha vijana wa ufundi wa magari. Ombi langu kwako ni kwamba umtafute mmoja wao aliyejifunza kompyuta za magari, umpe siku nzima na gari unalolitamani, na umlipe ada yake kamili hata akisema usinunue. Hasa akisema usinunue.